UZI: Fundi wa nyumba, avansi (pesa ya mbele) na sheria ya Kongo. Kinachokulinda ni nini hasa hapa Lubumbashi?

MamaKisanga (mwanzisha uzi)

Wandugu, salamu kwa wote. Mvua haiko mbali, na kila mtaa wa Lubumbashi kuna mtu anayetafuta fundi wa paa, wa shimo la choo, wa ukuta uliopasuka. Mafundi wazuri walishachukuliwa tangu Agosti. Anayebaki anakuja asubuhi, anapanda juu ya nyumba, anashuka akitikisa kichwa, anataja bei na kuomba nusu ya pesa "ili tuanze leo leo". Mwenye nyumba anaangalia mawingu, anatoa. Wiki mbili baadaye simu haipokelewi.

Kazi yangu ni kusimamia matengenezo ya nyumba za watu wanaoishi mbali: Kolwezi, Kinshasa, wengine Ubelgiji. Mimi si mwanasheria. Lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya komini (manispaa), ya polisi na ya mahakama ya amani nikiwa na karatasi za watu mkononi, hadi vifungu vingine navijua kwa moyo. Naona watu wanangojea ulinzi mahali ambapo haupo, na ule uliopo hawautumii. Inaniuma kwa sababu wanaoumia zaidi ni wajane na wastaafu, watu ambao paa hilo ndilo mali yao yote.

Mikataba yetu yote, kuanzia kununua kiwanja hadi kuziba bati moja, inatawaliwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile tunayoita Kitabu cha Tatu cha Code Civil, yaani mkusanyo wa sheria za kiraia. Ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Ukiisoma yote hutakuta mahali inaposema fundi wa nyumba asidai avansi zaidi ya kiasi fulani. Hutakuta siku ambazo mteja amepewa za kubadili mawazo baada ya kusaini. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani ni nzuri kwa mambo ya biashara na bei, lakini haitakurudishia pesa uliyompa fundi aliyekimbia.

Hata hivyo kitabu hicho cha 1888 kina kifungu cha 33. Kinasema mkataba uliofanywa kihalali unashika nafasi ya sheria kwa wale walioufanya. Tafadhali kisomeni mara mbili. Mkiandikiana na fundi kwamba avansi ya kazi ni theluthi moja tu, hiyo theluthi inakuwa sheria kati yenu, sawasawa na kama ingepigiwa kura Kinshasa. Mkiandika kwamba pesa ya mwisho inatolewa baada ya paa kunyeshewa, hiyo nayo ni sheria. Kile ambacho Bunge halikutuandikia, kifungu cha 33 kinaturuhusu tujiandikie wenyewe. Halafu kifungu cha 82 kinaongeza kwamba upande mmoja usipotimiza, upande wa pili unaweza kuulazimisha utimize au kuomba mkataba uvunjwe na kulipwa hasara. Na kifungu cha 217 kinataka maandishi kama ushahidi pale ambapo thamani si ndogo. Hapo ndipo kesi nyingi zinafia, maana mtu anafika mbele ya jaji akiwa na hasira na mashahidi wawili wa familia, basi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Fundi akifanya kazi vibaya, au akichelewa, au akiacha katikati, hilo ni deni la kiraia. Polisi si mahali pake. Lakini pesa uliyompa anunulie kitu maalumu, akaitumia kwa mambo yake, hiyo ni habari nyingine. Code pénal, yaani sheria ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 95, inazungumzia mtu aliyekabidhiwa mali au pesa kwa sharti la kuirudisha au kuitumia kwa matumizi yaliyotajwa, kisha akaitapanya au kuificha kwa udanganyifu. Adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Wafaransa wanaita abus de confiance.

Tofauti yote inakaa kwenye mstari mmoja wa risiti. Ukiandika "nimepokea dola 500, avansi ya kazi", umempa mshahara wa mbele. Akiula, mtavutana kwa kesi ya kiraia. Ukiandika namna hii, mambo yanabadilika:

*"Lubumbashi, tarehe 4 Septemba. Mimi …, fundi wa mapaa, mkaaji wa avenue …, namba …, mwenye kadi ya mchaguzi namba …, nimepokea kwa Mama … dola za Marekani 500 kwa ajili ya kununua bati 40 za BG 28, mita 3 kila moja, na misumari ya bati kilo 6. Pesa hii si malipo ya kazi yangu. Vifaa vitafika nyumbani kwake siku ya Jumamosi tarehe 7 pamoja na risiti za duka. Pesa itakayobaki, au yote kama sikununua, nairudisha Jumatatu tarehe 9. Shahidi: …"*

Mnaona? Matumizi yametajwa, siku ya kurudisha imetajwa. Karatasi hiyo inaweza kufungua mlango wa parquet, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ile ya "avansi ya kazi" haifungui. Bila shaka parquet itataka kuona udanganyifu, si kuchelewa tu. Lakini fundi mwenye nia mbaya akisoma mstari wa "si malipo ya kazi yangu", mara nyingi anasema atarudi kesho na harudi. Muache aende.

Kuna dawa bora zaidi ya karatasi hiyo: nenda dukani mwenyewe, au mtume mtu wako, fundi aje achague, wewe ulipe. Pesa ya vifaa isipite mkononi mwake kabisa. Na ukifika dukani angalia unacholipia. Bati za BG, namba ikipanda bati linakuwa jembamba: BG 28 ni nene kuliko BG 30, BG 30 ni nene kuliko BG 32. Mwaka jana nilipanda juu ya nyumba moja ya Kalubwe, mwenyewe yuko Ubelgiji, fundi alikuwa amelipwa kwa BG 28. Nilishika ukingo wa bati kwa vidole viwili, likajikunja lenyewe. Misumari ilikuwa imepigwa kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita, badala ya juu kwenye mgongo. Kila msumari ulikuwa tundu la kuvuja. Bati moja lililala juu ya jirani yake kwa mkunjo mmoja tu, tena upande ambao upepo wa mvua unatoka. Fundi alishalipwa yote. Hatukuwa na kitu cha kumshikia, kwa sababu mkataba ulisema "kuweka paa jipya", maneno matatu, na paa jipya kweli liliwekwa.

Kwa hiyo devis, yaani karatasi ya makadirio ya kazi na bei, iandike kitu kinachoweza kupimwa. Si "bati nzuri", andika BG 28. Si "simenti ya kutosha", andika mifuko mingapi ya kilo 50 na daraja gani: 32,5 inatosha kwa lipu, nguzo na mkanda wa zege zinataka 42,5. Si "chuma", andika chuma cha milimita 12, na mtu apime kwa kipimo, maana kuna chuma cha 12 ambacho ukikipima unakuta 10.

Nimeandika mengi. Karibuni, leteni yenu.

---

Ngoy_Katuba

Mama, asante sana kwa uzi. Mimi nilimpeleka fundi wangu polisi. Alichukua pesa ya madirisha ya chuma, miezi mitatu hakuna dirisha. Alikamatwa, nililipa usafiri wa waliokwenda kumchukua, nikalipa na mengine, jioni akaachiliwa. Walimsainisha karatasi kwamba atalipa kila mwisho wa mwezi. Alilipa mwezi wa kwanza tu. Nimechoka, nimesamehe.

---

MamaKisanga

> Walimsainisha karatasi kwamba atalipa

Papa Ngoy, usisamehe bado. Hiyo karatasi unayo? Ni ya thamani kuliko unavyofikiri. Pale fundi amekubali deni kwa mkono wake mwenyewe, kiasi kimeandikwa, tarehe zimeandikwa. Kilichokosekana mwanzoni, yaani maandishi, sasa unacho. Ichukue pamoja na risiti ya ule mwezi wa kwanza alioulipa, nenda mahakama ya amani, dai kilichobaki. Mwezi aliolipa unaonyesha kwamba deni analitambua.

Na kwa wote: kumkamata mtu kwa sababu ya deni peke yake si haki, hata kama tumeumia. Kongo imekubali tangu 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ndiyo maana fundi alitoka jioni. Pesa uliyotoa ili akamatwe ingetosha kulipia hatua za kwanza za kesi.

---

Mwashi_Ruashi

Bamama na bapapa, miye niko mwashi, natumika kazi hii tangu ningali kijana. Nasoma hapa naona fundi ni mwizi tu. Acha niseme na yetu.

Mteja anakuita, anataka chumba kimoja. Ukifika kwenye linteau, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, anasema ongeza dirisha. Ukiongeza anasema sasa mlango uhamie huku. Mwisho anakulipa bei ya kwanza, anasema "tulielewana". Wasaidizi wangu wanne wanataka kula kila siku, habari ya dirisha haiwahusu. Mwingine anaacha kulipa pesa ya mwisho kabisa, anakuambia bado anangojea mtoto wake wa Ulaya atume makuta. Mimi nitamshitaki wapi? Na bila avansi sitaweza kukodi hata mbao za kumimina zege.

Hiyo karatasi ya Mama Kisanga mimi nitasaini, sina woga. Lakini inilinde na mimi.

---

MamaKisanga

Papa Mwashi, umesema kweli tupu na nakushukuru kwa kuja. Kifungu cha 33 hakichagui upande. Kila badiliko liandikwe siku hiyo hiyo, hata kwenye kipande cha karatasi ya daftari: dirisha moja la ziada, bei yake, siku ngapi linaongeza, saini mbili. Mteja asiyetaka kusaini badiliko, usimfanyie. Wewe ndiye unayeshika mwiko, na hapo una haki ya kuuweka chini.

Avansi ya kazi nami siikatai. Wasaidizi wanakula. Ninachosema ni kwamba pesa isiende mbele ya kazi kwa umbali mkubwa. Mimi kwa nyumba ninazosimamia nagawa hivi: vifaa nanunua mwenyewe. Pesa ya mikono, yaani ya kazi yenyewe, sehemu ndogo siku ya kuanza, kisha nalipa kila hatua inayoonekana kwa macho ikimalizika: msingi umefika juu ya ardhi, lipa, ukuta umefika kwenye linteau, lipa, mbao za paa zimepigwa, lipa. Na kipande cha mwisho nabaki nacho. Fundi mzuri halalamiki, kwa sababu kila Jumamosi anajua ataondoka na kitu.

---

Kasai_mdogo

Maneno mazuri lakini fundi wengi wa kwetu hawajui kusoma. Na Kifaransa cha mikataba hata mimi kinanisumbua.

---

MamaKisanga

Andika kwa Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mkataba wa watu wawili wanaoelewana kwa Kiswahili ni mkataba. Siku ya mahakama itatafsiriwa, hiyo ni kazi ya siku hiyo. Bora karatasi ambayo fundi ameielewa kuliko Kifaransa cha kupendeza ambacho atasema alisainishwa bila kujua.

Asiyejua kusoma, msomee kwa sauti mbele ya shahidi asiye wa familia yako. Mimi napendelea mkuu wa avenue au jirani ambaye fundi mwenyewe amemchagua. Aweke kidole gumba. Shahidi aandike kwamba imesomwa na imeeleweka.

Na simu zenu mzitumie. Code du numérique, ile sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi. Baada ya kuelewana kwa mdomo, mwandikie fundi kwa WhatsApp: "Papa, kama tulivyoelewana leo, unaanza Jumatatu, bei ya mikono ni dola 280, hatua nne." Akijibu "ndiyo mama", hilo ni jambo. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usifute ujumbe wa muamala, na mtumie mara moja maneno ya kueleza ile pesa ni ya nini.

---

Mtoto_wa_Likasi

Shikamooni wakubwa. Niko Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, nafanya kazi na kampuni ndogo ya kutengeneza majiko na bafu. Nimeusoma uzi wote kwa sababu mambo mengi Mama anayowashauri muandike wenyewe, huku yameandikwa tayari na jimbo.

Huku kazi ya nyumba ya zaidi ya dola 1,000 lazima iwe na mkataba wa maandishi. Mkandarasi lazima awe amesajiliwa na jimbo. Avansi haiwezi kuzidi theluthi ya bei, isipokuwa kuna vifaa vya kuagizwa maalumu ambavyo bei yake inapita hapo. Kuna mfuko wa kuwafidia wenye nyumba walioshinda kesi na mkandarasi aliyesajiliwa akashindwa kulipa. Lakini sikilizeni mtego: mwenye nyumba akienda mwenyewe kuchukua kibali cha ujenzi badala ya mkandarasi, anapoteza haki ya kwenda kwenye mfuko huo. Kwa hiyo mkandarasi akikuambia "chukua wewe kibali, itakuwa rahisi", mara nyingi ni kwa sababu yeye hana usajili.

California ni wakali zaidi: avansi ni asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Na kwa nchi nzima kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu: muuzaji akikufuata nyumbani ukanunua kitu cha dola 25 na zaidi, una hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kufuta, bila kutoa sababu. Iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanashinikizwa sebuleni kwao, hasa wazee. Baada ya dhoruba kubwa ndiyo utawaona wanaopita mlango kwa mlango wakisema paa lako limeharibika.

Hata na sheria zote hizo watu bado wanaibiwa huku, kwa sababu wanatoa pesa taslimu bila karatasi.

---

MamaKisanga

Mwanangu wa Likasi, Mungu akubariki. Hizo siku tatu nazipenda sana. Zinaingia kwenye mkataba wetu kwa mstari mmoja: "Mteja anaweza kuvunja makubaliano haya ndani ya siku tatu tangu kusaini, kazi ikiwa haijaanza, na kurudishiwa pesa yote." Fundi anayekuambia lazima uamue leo kabla jua halijazama, mtolee mstari huo umtazame uso.

Na kwetu sisi sina mfuko wa kuwaonyesha watu. Ndiyo maana ule mfuko nimeuweka ndani ya mkataba wenyewe, ni kile kipande cha mwisho ambacho sitoi. Kumi kwa mia ya pesa ya mikono inakaa kwangu hadi paa limenyeshewa mvua kubwa. Kwetu mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi karibu Aprili, fundi hangoji sana.

---

Kapend_Lyon

Kubaki na kipande cha mwisho si ajabu, Mama. Ufaransa sheria ya tarehe 16 Julai 1971 inamruhusu mwenye kazi kubaki na hadi asilimia 5 kwa mwaka mmoja baada ya kupokea kazi, kama dhamana ya kasoro. Tena mwaka huo mmoja mkandarasi analazimika kurekebisha kila kasoro iliyoandikwa. Vitu vinavyotolewa na kubadilishwa, kama mabomba yanayoonekana na milango, vina miaka 2. Ubovu unaohatarisha jengo lenyewe, miaka 10, na kwa sheria ya tarehe 4 Januari 1978 mkandarasi lazima awe na bima ya miaka hiyo 10 kabla hajaanza kazi.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu kupokea kazi. Huku siku ya kupokea ni siku yenye uzito: mnazunguka nyumba pamoja, mnaandika kila kasoro, mnasaini. Kwetu fundi anakusanya vyombo vyake jioni, anakunywa maji, anaondoka. Hakuna anayejua kazi iliisha lini.

---

Umeme_Bel-Air

Naunga mkono na naongeza ya umeme na maji, kwa sababu hapo ubaya unafunikwa na lipu. Mwambieni fundi kabla hajafunga ukuta muite mpige picha. Waya wa taa milimita mraba 1,5, waya wa soketi 2,5. Nimefungua kuta nikakuta waya mwembamba wa taa umepelekwa kwenye soketi ya jiko la umeme, nyumba ililala na moto ndani ya ukuta. Waya wa ardhi mara nyingi haupo kabisa, unakuta soketi ina matundu matatu na la tatu halijaunganishwa na kitu, na mji wetu huu radi zake tunazijua. Kwa mabomba, maji yafunguliwe na yakae usiku mzima kabla ya vigae kuwekwa. Picha yenye tarehe inaweza kukuokoa baadaye.

Na muulizeni fundi alijifunza wapi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, iko hapa Lubumbashi, inafundisha umeme, uashi, mabomba. Mwenye cheti chake ataonyesha kwa furaha. Asiye na cheti anaweza kuwa mzuri vilevile, wengi tumejifunza kwa wajomba, lakini basi akupeleke ukaone nyumba mbili alizotengeneza, ukaongee na wenyewe yeye akiwa amesimama mbali.

---

Ngoy_Katuba

Mama, karatasi nimeipata, ilikuwa ndani ya Biblia ya mke wangu. Nitakwenda.

---

Bibi_Kenya_avenue

Mabibi na mabwana, samahani kwa kuandika vibaya. Mimi ni mjane, naishi komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Fundi amechukua dola 350 kwa ajili ya shimo jipya la choo. Amechimba nusu, ameondoka wiki ya tatu sasa. Sina mkataba. Nina ujumbe wa Airtel Money tu na sauti zake WhatsApp. Shimo liko wazi na wajukuu wanacheza. Nifanye nini?

---

MamaKisanga

Bibi, pole sana. Kwanza leo hii funika shimo kwa mbao au bati kuukuu na uzungushie miti, mambo ya pesa yatangoja. Likijaa maji ya mvua mtoto hatoki.

Kisha usifute kitu kwenye simu. Mwambie kijana wa nyumbani ahamishe zile sauti kwenye simu nyingine, na asikilize kama kuna mahali fundi anataja pesa, au anasema "nitakuja kumalizia". Sauti moja kama hiyo ndiyo mkataba wako. Piga picha ya shimo kutoka juu na ukiweka mti ndani kuonyesha urefu wake.

Mwandikie fundi ujumbe bila matusi: ulipokea dola 350 tarehe fulani, umechimba hadi hapa, nakupa siku nane uje umalize au urudishe kilichobaki. Peleka maneno hayo hayo kwenye karatasi kwa mkuu wa avenue, aweke muhuri, na aende kwa fundi mwenyewe au amtume mtu kwake. Mafundi wengi wanarudi hapo, maana wanaishi mtaa huo huo na wanataka kazi nyingine. Akirudi, usimpe hata franki moja ya nyongeza kabla shimo halijaisha, na ile karatasi ya hatua muandike siku hiyo.

Siku nane zikipita bure, mahakama ya amani. Usiogope kwamba pesa hiyo ni ndogo; kesi za kiasi hicho ndizo kazi yao. Ukiniandikia kwa faragha, Jumanne nitakuwa upande wa Kenya, nitapita tuandike pamoja hiyo barua.

---

Mwashi_Ruashi

Bibi, mimi niko karibu na Kenya. Jumapili baada ya misa nitakuja na kijana mmoja nipime lile shimo, niandike limechimbwa mita ngapi na kubaki ngapi, na bei ya kumalizia. Bure. Mama Kisanga atakuwa na namba za kuweka kwenye barua.